Kigunduzi cha Saba

"Mia tatu arobaini."

"Endelea."

"Mia nne kumi. Mia tano. Iko mbele yetu, dada Concy. Haiko mbali."

Mbele yao kulikuwa na foleni ya barabara ya Hoima. Malori, bodaboda, moshi mweusi wa dizeli mbovu, na mwanamume mmoja aliyekuwa akikojoa kwenye ukuta ulioandikwa usikojoe hapa. Saa nne asubuhi, Alhamisi. Concy Ayaa alifunga kioo cha Hilux na harufu ikaingia vilevile.

Kiti cha nyuma alikaa Lanyero, binti mwembamba wa miaka ishirini na saba, kompyuta ya Toughbook mapajani. Waya mweusi ulitoka kwenye kompyuta, ukapita dirishani na kuzama chini ya turubai nyuma ya gari. Chini ya turubai kulikuwa na chombo cha ukubwa wa kreti ya soda. Kiliundwa kiishi angani, mahali pasipo na vumbi. Leo kililala juu ya gurudumu la akiba, katikati ya magunia yaliyowahi kubeba samaki wakavu.

Redio ya Motorola ikakoroma kifuani mwa Concy.

"Pilipili, hapa Mlima. Umeiona?"

Mlima alikuwa Kanali Tarcisio, mkubwa wake wa kazi. Pilipili alikuwa yeye.

"Bado, Mlima. Naisikia tu."

"Unasikia lori namna gani?"

"Kwa namba, afande."

"Elfu moja mia mbili," Lanyero alisema. "Dada, ni ile Fuso ya bluu."

Concy aliiona. Magari matatu mbele, turubai la kijani, namba ya Kenya iliyopakwa tope makusudi. Alifungua mkanda wa kiti. Alishika kitasa cha mlango.

Trafiki akainua mkono.

Fuso ilipita. Hilux ikazuiwa. Ving'ora vililia na msafara wa mkubwa fulani ukakatiza barabara, magari tisa yenye vioo vyeusi yakimpeleka mtu mmoja kunywa chai. Concy aliyahesabu yote tisa. Hakupiga honi, maana alijua ingekuwa kazi bure.

"Mia sita," Lanyero alisema. "Mia mbili. Themanini."

Concy alitema mate nje ya dirisha.

*

Yote yalianza na nyota, na nyota hazikuwa na kosa.

Kuna darubini inaitwa Kozi. Iko juu kilomita mia tano na hamsini, inaizunguka dunia kila baada ya dakika tisini na sita, na kazi yake ni moja: kungoja milipuko. Inayolipuka ni nyota ya nutroni, maiti ya nyota kubwa, nzito kupita akili. Hunyonya gesi ya nyota jirani na kuirundika juu ya ngozi yake, siku baada ya siku. Gesi ikijaa huwaka yote kwa mpigo, ndani ya sekunde moja, kisha hupoa taratibu kwa nusu dakika hivi. Mionzi ya X ya moto huo husafiri maelfu ya miaka, na ikifika kwetu hewa huizuia. Haifiki ardhini hata chembe. Ndiyo maana darubini hukaa juu.

Kozi ina vigunduzi sita. Cha saba, pacha wao, kilibaki chini, katika kituo kidogo chenye dishi juu ya kilima upande wa Kasubi. Kimoja kikiugua huko juu, wataalamu humchunguza pacha wake huku chini.

Wiki hii cha saba kiliona milipuko mitatu.

Lanyero ndiye aliyekuwa zamu. Aliangalia picha za namba mara mbili. Mlipuko wa nyota hupanda ghafla na kushuka polepole huku ukipoa. Hii ilipanda polepole, ikashuka polepole, wala haikupoa. Ilikuwa picha ya kitu kinachokuja, kinapita chini ya kilima, na kwenda zake. Vile sita vya angani havikuona lolote.

Kilichoonekana chini na kisichoonekana juu hakikutoka kwenye nyota.

Mkuu wa vipimo kituoni alikuwa mtaalamu wa kigeni, Rosalba, mwanamke mwenye sauti laini na kikombe chake mwenyewe ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Kwenye kumbukumbu za kituo, mbele ya milipuko yote mitatu, Rosalba aliandika neno moja: majaribio. Alimaanisha kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyesogeza mionzi mbele ya kigunduzi ili kukipima.

Lanyero alishuka getini. Kampala huingii popote bila kuandika kwenye kitabu cha geti, uwe profesa, uwe fundi bomba. Jina, namba ya gari, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Askari wa pale alikuwa polisi mstaafu, na hata askofu angemwandikisha. Mara zote tatu kitabu kilisema Rosalba alikuwa ametoka. Ametoka saa sita na dakika kumi, chakula cha mchana. Sahihi yake, nzuri, yenye mkia.

Binti alipiga simu polisi. Walimuuliza kama nyota hiyo imeiba kitu.

Basi akampigia Concy. Baba zao walilala barakisi moja ya polisi, Naguru, masajini wawili kutoka Gulu, na watoto wa barakisi hawaombani utambulisho. Concy alikuwa na umri wa miaka arobaini na moja, ofisi isiyo na kibao mlangoni, na Glock 19 aliyoichukia kwa sababu ilimchubua nyonga. Alisikiliza dakika nne.

"Sema tena ni nini hiyo inapita barabarani," aliuliza mwishoni.

"Kobalti, dada. Ya mashine ya hospitali, ya kuchoma saratani. Iliingia nchini kwa kibali chetu, eti chombo cha kupimia darubini. Inatakiwa ikae ndani ya risasi, ile metali nzito, unene wa mkono. Sasa risasi haiko."

"Risasi imeenda wapi?"

Jibu lilikuwa Katwe, mtaa wa mafundi chuma, na Concy alilipata jioni hiyo hiyo. Katwe wanayeyusha chochote kinachoyeyuka. Fundi mmoja alimwonyesha mabamba ya risasi yenye alama ya mionzi, ile ya njano yenye mapanga matatu, na jina la hospitali ya mbali lililochongwa pembeni. Aliyaleta Odera, mfanyabiashara wa Kenya mwenye stoo tano, moja Nansana na nne Kikuubo. Odera alipewa kazi ya kuficha sanduku wiki moja tu. Akaona limejaa risasi nzuri inayouzika kwa kilo, akaifungua, akaiuza, akamimina saruji mahali pake, akapigilia misumari. Mtu alipewa kifo akifiche, akauza mfuniko wake.

Tangu Jumatatu lori la Odera lilikuwa likilizungusha sanduku hivyo kati ya stoo za Nansana na Kikuubo, uchi.

Concy alifikiria mara nyingi maishani kwamba ameona mwisho wa uchafu wa watu. Kila mara alikuta chini yake kuna ghorofa nyingine.

*

Fuso ilikuwa imeelekea huko, kwenye stoo za Odera, lakini Hilux haiingii Kikuubo. Hata toroli huingia kwa kuomba.

Walisimama mlangoni mwa soko, mbele ya ukuta wa katoni, ndoo, magodoro na kelele. Lanyero alikitazama kigunduzi, kisha njia nyembamba iliyojaa watu.

"Tutakibeba vipi? Wataona."

"Kikuubo hakuna anayeangalia mzigo," Concy alisema. "Wanaangalia miguu yao."

Alimwita mpagazi. Jina lake Obita, mzee kidogo, kifua kipana, suruali ya jeshi iliyochakaa. Aliwahi kuwa askari na alisimama hivyo hata akiwa amejitwisha. Walikitia kigunduzi ndani ya katoni ya biskuti, wakatoboa nyuma kupitisha waya, na Lanyero akaifunika kompyuta kwa kanga.

"Nnyabo, mama, hii biskuti iko nzito sana," Obita alisema.

"Ni za jeshi."

"Hapo sawa." Alijitwisha. "Fasi! Fasi! Mzigo napita!"

Kipande cha darubini ya anga kiliingia Kikuubo juu ya kichwa cha mpagazi. Watu walipisha bila kuinua macho.

Stoo ya kwanza, sabuni. Namba sitini. Stoo ya pili, sukari. Mia moja na kumi. Maji machafu yalipita katikati ya njia yakibeba maganda na kitambaa cha mtoto. Watu waliyaruka. Concy hakuyaruka vizuri, na soksi ikalowa.

"Mia saba," Lanyero alinong'ona. "Elfu mbili. Mzee, simama. Rudi hatua moja. Elfu nne. Dada, tusiende mbele zaidi."

Ilikuwa ujia mfupi uliozibwa mwisho. Kushoto, duka la betri za sola. Kulia, mlango wa chuma nusu wazi. Mbele ya mlango, sanduku la mbao la urefu wa goti, limefungwa mikanda ya chuma.

Juu ya sanduku alikaa mama mmoja anauza chai.

Alikuwa na jiko la mkaa, birika kubwa, beseni la chapati na sufuria ya maharagwe. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani. Uso wake ulikuwa wa jivu. Alimpa mteja kikombe, akageuka pembeni, akatapika ndani ya ndoo, akapangusa mdomo, akarudi kukaa.

Vijana wawili wa dukani walicheka. "Mama Joska ana mimba ya uzeeni."

Concy alirudi hatua mbili nyuma ya katoni.

Aliinua redio. "Mlima, hapa Pilipili. Nimeipata. Kikuubo, ujia wa betri. Kuna raia wamekaa juu yake. Nawaondoa."

Redio ilikoroma.

"Usimwondoe mtu, Pilipili."

"Rudia, afande."

"Wanunuzi wanakuja saa saba. Wageni wawili. Tunataka kuwashika na mzigo mkononi. Nimeshaongea na watu wa televisheni, wako njiani. Ukiondoa huyo mama wa chai, watajua."

"Ulijua kuna mama wa chai?"

"Kijana wetu wa huko sokoni aliniambia jana."

Jana. Concy alirudia neno hilo ndani ya kichwa chake. Jana alikuwa ameuliza kama kuna taarifa yoyote kutoka sokoni, na Kanali alisema hakuna. Mtu huyu alimfundisha kushika bastola. Concy alikula ugali nyumbani kwake Krismasi mbili.

"Afande, mama huyu anakufa akiwa amekaa."

"Ni masaa mawili tu. Mlima, mwisho."

Concy aliizima Motorola. Alijisikia mchafu, kama aliyeshikana mikono na mtu asiyenawa.

*

Alienda moja kwa moja hadi kwenye jiko.

"Mama Joska, simama twende huku."

"Chai yangu, binti yangu?"

"Chai nitauza mimi."

Joska alijaribu kusimama, miguu ikakataa. Concy alimshika kwapani na kumburuta hadi mwanzo wa ujia. Mama alikuwa mwepesi mno. Mkono wa kulia, ule alioukaza kwenye ubao kila alipoinuka, ulikuwa mwekundu na umevimba vidole vyote.

"Nilikalia tu," Joska alisema. "Tangu juzi, kila lori ikiishusha hapa. Iko nzito, hakuna mutu anaweza kuiba. Odera alinipa kiti. Alisema nikae hapo, niangalie."

"Alisema hivyo?"

"Alisema nisitoke."

Obita hakusubiri kuambiwa. Alimbeba mgongoni akampeleka kwenye Hilux, akashika usukani, na dereva wa boda akaitwa kuwafungulia njia hadi hospitali. Concy alifunga ujia kwa magodoro mawili na sauti moja.

"Dawa ya panya imemwagika. Nje wote."

Walitoka haraka. Kikuubo wanaogopa dawa ya panya kuliko polisi.

Aliyebaki ni mwenye duka la betri, Jafar, Mganda mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisimama mlangoni kwake na kumtazama Concy kutoka juu hadi chini.

"Hiyo si dawa ya panya, nnyabo."

"Si dawa ya panya."

"Ukuta wangu umeguswa na hiyo sanduku. Niambie mimi ukweli."

Alimwambia. Maneno machache, sauti ya chini. Jafar alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Lanyero alikuwa anatazama ndani ya duka lake, macho yamemtoka.

"Mzee, betri zako za sola. Ndani yake ni risasi?"

"Risasi tupu. Ndiyo maana zinavunja mgongo."

"Unazo ngapi?"

"Sitini na mbili." Jafar alikuwa ameshaelewa. Alikunja mikono ya kanzu. "Tunaanza na upande gani?"

Odera aliondoa risasi, nao wakairudisha. Lanyero alikaa mwisho wa ujia na kigunduzi, akisoma namba. Concy na Jafar walibeba. Kila mmoja aliingia kwa hesabu ya kumi, akaweka betri, akatoka, akapumua, akamwachia mwenzake. Hakuna aliyezungumza ila binti.

"Elfu nane, hapo karibu na mlango. Wekeni kulia. Elfu sita. Juu yake pia. Elfu mbili."

Jasho lilimwingia Concy machoni. Alifikiria mtu aliyemimina saruji ndani ya sanduku hili na kumwambia mama mzima akalie. Alifikiria kwamba mtu huyo usiku alilala usingizi.

"Mia tano," Lanyero alisema. "Safu ya pili, tafadhali. Mia moja na tisini. Inatosha kwa leo."

Walitandika kanga ya Lanyero juu ya betri. Ukiwa mbali, ilikuwa meza ya chai.

Odera alitokea saa sita na nusu. Shati jeupe, manukato, simu mbili. Alipenya kando ya godoro akilaumu mtu simuni, akainua macho na kukuta mdomo wa Glock.

"Madam, kuna shida?"

"Wewe ndiye shida. Kaa chini."

"Si huo ni mzigo tu, madam. Mimi hutunza mizigo ya watu. Sikuuliza ni nini."

"Alama ya njano uliiona?"

Odera aliangalia viatu vyake. "Niliona. Nikadhani ni ya kutisha wezi."

"Na Joska ukamkalisha."

"Nani?"

"Mama wa chai."

"Ah, yule." Alipumua, kama mtu aliyepata afueni. "Yule si wa kwetu. Anapewa tu nafasi."

Concy alimfunga mikono kwa waya wa plastiki na kumwingiza stoo kabla mkono wake haujafanya jambo jingine. Jafar alimtemea mate karibu na kiatu, kisha akaomba radhi kwa Mungu.

*

Saa saba kasoro dakika tano. Concy alijifunga aproni na kitambaa cha kichwa alivyoviacha Joska. Aliketi kwenye ndoo, mbali kidogo na betri, birika likichemka.

Walikuja wawili. Wa kwanza alivaa viatu vyeupe, na aliruka maji machafu kwa ustadi wa mtu asiyependa kuchafuka. Wa pili alibeba begi. Lanyero na Jafar walikuwa nyuma ya katoni, na Odera nyuma ya mlango wa chuma na soksi mdomoni.

"Chai, boss?" Concy aliuliza.

Viatu vyeupe hakumjibu. Alitoa mfukoni kitu cha ukubwa wa kalamu, kifaa cha kupimia mionzi, akakielekeza mbele.

Kalamu ikaanza kulia. Tik. Tik. Tik tik tik.

Uso wa yule bwana ulibadilika. Alirudi nyuma hatua mbili, akaziba mdomo kwa mkono, akamwambia mwenzake kitu kwa lugha yao, haraka. Concy hakuijua lugha hiyo na hakuhitaji kuijua. Mtu aliyekuja kununua mauti ya maelfu, akaisambaze kwenye mji atakaouchagua, alikuwa anaihofia ngozi yake mwenyewe. Alimtazama mama wa chai aliyeketi pale karibu. Hakumwambia aondoke.

Aligeuka kukimbia.

Birika lilimpata mgongoni. Lita sita za chai ya maziwa, zinachemka.

Alipiga yowe na kuanguka ndani ya yale maji aliyoyaruka, viatu na vyote. Wa pili aliingiza mkono begini. Concy alikuwa ameshafika. Kiwiko kooni, goti tumboni, begi chini. Bastola ndogo iliteleza kwenye sakafu na Jafar akaikanyaga kwa ndala.

"Usisogee, ssebo," Jafar alisema kwa adabu. "Huyu nnyabo leo hana moyo mzuri."

Hakuna risasi iliyopigwa. Dakika moja, pengine chini yake.

Concy aliwasha redio. "Mlima, wanunuzi wako mikononi. Sanduku limefunikwa. Leta watu wa mionzi, siyo watu wa kamera."

Hakungoja jibu.

*

Kituo cha Kasubi kilikuwa kimya saa tisa alasiri. Concy aliandika jina lake kwenye kitabu cha geti, saa ya kuingia, sahihi. Polisi mstaafu alisoma, akatikisa kichwa, akafungua. Lanyero alitangulia ndani akikiburuta kigunduzi.

Rosalba alikuwa mbele ya skrini kubwa, miguu juu ya kiti, kikombe mkononi. Begi la safari lilikuwa kando ya mlango. Aliongea Kiswahili safi, cha kusoma kwa bidii.

"Mmekichukua kigunduzi bila ruhusa yangu," alisema. "Kimetoka wapi na vumbi hili?"

"Kikuubo," Concy alisema. "Odera ameongea. Wale wawili pia wataongea."

Rosalba aliweka kikombe mezani taratibu. Alitazama begi lake, kisha mlango, kisha nyonga ya Concy.

"Darubini hii inakufa," alisema. "Fedha zake zinaisha mwezi wa sita. Miaka kumi na moja ya kazi yangu. Wale wanunuzi walikuwa tayari kuilipia miaka mitatu mingine. Lile sanduku lilikuwa salama. Nililifunga mwenyewe."

"Lilikuwa salama mpaka Jumatatu."

"Sikumwambia yule mjinga auze risasi."

"Hukumwambia. Lakini Jumatatu cha saba kilipolia, ulijua risasi imetoka. Ni wewe peke yako mji mzima uliyejua. Ukaandika majaribio. Ukaenda kula."

Rosalba alishika kikombe chake tena.

"Ungepiga simu moja tu," Lanyero alisema. Huyu Rosalba alikuwa mwalimu wake. "Hata bila jina."

"Nilijua inavuja. Sikujua kama kuna watu karibu."

"Kikuubo," Concy alisema. "Hukujua kama Kikuubo kuna watu."

Kengele ndogo ililia kwenye skrini.

Wote watatu waligeuka. Mstari wa kijani uliokuwa umelala siku nzima ulisimama wima. Vigunduzi vyote sita, kwa pamoja, huko juu. Mahali fulani mbali sana nyota iliyokufa ilikuwa imewaka yote kwa sekunde moja, na moto wake ulikuwa umefika.

"Mungu wangu," Rosalba alisema. Uso wake ulifunguka wote. Alisahau bastola, akasahau begi. Aliegemea mbele na machozi yakamlenga. "Angalieni ilivyopanda. Angalieni. Sijaona yenye nguvu hivi tangu tuirushe."

Concy alimtazama usoni badala ya skrini. Lilikuwa pendo la kweli, na hilo ndilo lililomtia kinyaa kuliko yote ya siku hiyo. Mwanamke huyu aliweza kulia. Alikuwa na machozi mazuri kwa ajili ya maiti ya nyota, na kwa Joska hakuwa na simu moja.

Alitoa pingu.

"Ngoja," Rosalba alisema bila kugeuka. "Nusu dakika. Ngoja ipoe kwanza, niione inavyoisha. Nitakwenda popote unapotaka. Naomba hilo tu."

Concy alinyoosha mkono, akaishika skrini ukingoni, akaigeuza kumwelekea Lanyero.

"Itaisha bila wewe."

Alimfunga pingu. Rosalba alinyoosha shingo, kisha akajaribu kuinuka, kisha akaanza kumsihi Lanyero amsomee namba, angalau namba. Lanyero alikuwa amekaa. Aliandika saa, dakika na sekunde, akafuata mstari ukishuka, ukipoa, ukilala. Hakusoma chochote kwa sauti. Alipomaliza alijaza jina la aliyeona, na aliandika jina lake mwenyewe.

Nje, simu ya Concy ilitetemeka. Alikuwa muuguzi wa wodi.

"Mgonjwa wako Joska anaishi. Damu yake imeshuka, tunamwongezea. Vidole viwili sijui kama vitabaki. Wiki mbili hizi ndizo zitasema. Anauliza birika lake liko wapi."

"Mwambie nitamnunulia jingine."

Getini walikuwa wamefika. Gari la televisheni, taa mbili, msichana mwenye kipaza sauti, na mbele yao Kanali Tarcisio katika sare iliyopigwa pasi upya, nishani zote kifuani. Alifungua mikono.

"Pilipili. Kazi safi. Simama hapa kushoto kwangu, tutasema tulikuwa tunawafuatilia tangu mwanzo."

"Joska amelazwa, afande."

"Joska ni nani?"

Concy alimkabidhi Rosalba kwa askari wa kwanza aliyemwona. Alienda kwenye kitabu cha geti, akaandika saa ya kutoka. Kisha akampita Kanali karibu kabisa, bega kwa bega, mbele ya kamera na askari wote waliokuwa wamekakamaa wakimtazama.

Hakumpigia saluti.

Mikono yake ilibaki mifukoni. Nyuma yake taa za kamera zilibaki zimewashwa. Aliteremka kilima kwa miguu kuelekea barabarani, soksi moja bado mbichi, akatafute duka linalouza birika kubwa.